Julai Si Februari, Mdogo Wangu

Haya mdogo wangu, vuta kiti usogee, na huo mlango urudishe maana baridi ya leo haina adabu. Kilichokuleta nakijua. Ndicho kilichowaleta wenzako wa Majengo, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, na huwaleta kila mwaka Juni ikishapiga hodi. Paneli ile ile iliyokuwa ikijaza betri kabla ya saa nane mchana, sasa jioni inaingia na kontrola bado haijaonyesha kwamba betri imejaa. Saa mbili usiku tivi inazima habari zikiwa katikati. Watoto wananuna, baba yao anasema fundi aliwauzia takataka, fundi naye hapokei simu, na wewe umeanza kupiga hesabu ya kuomba mkopo wa chama ununue betri mpya.

Hizo pesa za chama ziache kwanza zikae huko ziliko. Sikukatazi kununua, tutafika huko. Lakini wengi mnaokuja na kilio hiki hamna kifaa kilichoharibika. Mna Julai, na mnataka kuishi nayo kana kwamba ni Februari. Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia mpaka unichoke.

Hapa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, digrii moja na kidogo kusini yake. Mchana wetu haufupiki. Iwe Juni iwe Desemba, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu. Hata adhuhuri ya Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini mpaka mwisho wake, bado liko juu sana, kimo cha digrii 65 hivi. London mwezi wa Desemba jua la adhuhuri huishia digrii 15, watu wakiliona juu ya mapaa tu. Kwa hivyo binamu yako aliye Uingereza akikwambia mambo ya jua la huko, msikilize kwa heshima, umshukuru, kisha usifanye alivyosema.

Huku kwetu anayekula chaji ni wingu. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo hutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unapanda nyanda za juu, na ukifika huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unyevu ule hugeuka wingu zito la chini linalofunika mji tangu alfajiri. Baridi yenyewe haina hatia. Paneli iliyopoa hufanya kazi vizuri kuliko iliyochomwa na mabati ya Februari. Mgala muue na haki umpe: tumezoea kuisingizia baridi kosa la wingu.

Na tofauti si ndogo. Siku ya Februari, Nairobi hupata mwanga unaolingana na jua kamili la saa 6 hivi. Julai hushuka kwenye saa 4, na ile siku ya wingu lisilopasuka kabisa, paneli ya wati 100 inaweza kukupa wati 10 au 20 tu mchana kutwa. Hiyo 100 iliyoandikwa mgongoni mwa paneli hupimwa maabarani, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Hakuna siku ya Julai hapa Gikomba inayofanana na hiyo maabara. Kwa hivyo kabla hujamtukana fundi wa watu, jua kwamba huenda paneli inafanya kazi yake yote, na mwanga ndio haupo.

Lakini kuna habari njema ndani ya hayo mawingu, na ningependa uishike. Wingu la kipupwe chetu hulala asubuhi na mara nyingi hupasuka mchana, saa saba, saa nane, wakati mwingine saa tisa. Wewe mwenyewe umeliona. Asubuhi wanunuzi wa majaketi wanajazana Gikomba wakitetemeka, na ifikapo saa nane unawaona wamevua masweta na kuyafunga kiunoni. Hizo saa mbili tatu ndizo mshahara wako wa siku. Ukizipoteza, hakuna nyingine mpaka kesho. Kwa hivyo ukiwa na nafasi mbili juu ya paa, moja inapata kivuli asubuhi na nyingine inapata kivuli alasiri, chagua ile ya kivuli cha asubuhi bila kuwaza mara mbili. Na zile simu za nyumba nzima, pamoja na pawabenki ya mtoto wako mkubwa wa kidato cha nne, zichomekwe saa nane mwanga ukiwepo, si saa nne usiku betri ikiwa hoi.

Sasa twende juu ya paa, maana huko ndiko ugomvi mwingi unakoanzia.

Wengi wenu mmesoma mahali kwamba paneli huelekezwa kusini na kuinuliwa sana wakati wa baridi. Hilo ni neno la watu wa Ulaya. Huku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Ipe Industrial Area kisogo, utazame upande wa Pangani, huko ndiko paneli inapaswa kuinamia, na kuinama kwenyewe kuwe kidogo tu, digrii 10 hadi 15, ili maji ya mvua yateremke. Usiisimamishe. Siku ya mawingu mwanga hautoki upande mmoja, unatoka mbingu nzima, na paneli iliyosimama huona nusu ya mbingu ikakosa nusu. Nimeona paneli mtaa wa Bahati imeegemezwa ukutani ikitazama nyumba ya jirani, mwenyewe akishangaa kwa nini haichaji. Haikuwa na kitu cha kutazama ila ukuta.

Halafu kivuli. Hapo nitakugombeza kidogo, univumilie. Paa za ploti zetu ni za watu wote. Kuna matangi, kuna madishi, kuna kamba za nguo kutoka nguzo hadi nguzo, na Jumamosi huwezi kupita bila kuinama chini ya mashuka. Najua hukutaka kugombana na mama wa mlango wa pili. Lakini paneli yako ndogo ina seli 36 zilizoungwa moja baada ya nyingine, umeme ukipita katika zote kwa foleni. Ile iliyofunikwa huwachelewesha wenzake. Soksi moja ya mtoto ikining'inia juu ya seli mbili inaweza kukunyang'anya nusu ya chaji, soksi moja tu, na hasa inapotokea saa nane, jua ndilo hilo limetoka na wewe uko sokoni hujui. Nenda kwa huyo jirani na chai yako kwenye chupa, mkae, mkubaliane kamba yake isogee mita moja. Ukimwendea kwa mdomo mrefu mtaishia kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akichoka na kelele zenu atawaambia nyote mteremshe vitu vyenu.

Na zile grili za kuzuia wezi! Wizi wa paneli ni jambo la kweli, sikulaumu kuogopa. Umekwenda kwa mafundi wa jua kali, wakakuchomelea grili ya nondo, ukaifunika paneli kwa juu na kufuli mbili. Mwizi hataiba, ni kweli. Lakini kila nondo inaweka mstari wa kivuli juu ya seli, kutwa. Umejiibia mwenyewe kabla mwizi hajafika. Rudi kwa fundi yule yule, mwambie akutengenezee fremu ya chini, paneli ikae juu yake, boliti zipite kwenye matundu ya fremu kisha nati zichomelewe zisifunguke. Uso wa paneli ubaki wazi.

Usafi nao usiuache kwa sababu eti mvua inanyesha. Mvua ya Aprili huosha. Manyunyu ya Julai hayaoshi, yanachanganya vumbi la mjini, masizi ya makaa na moshi wa wanaokaanga samaki, yanafanya tope jembamba linaloteremka na kukauka ukingoni chini, pale kioo kinapokutana na fremu. Panda uangalie. Utaona mstari wa rangi ya kahawia upana wa kidole, umekalia safu nzima ya seli za chini. Ndiyo ile soksi tena, safari hii imelala hapo wiki sita. Chukua maji, kitambaa laini na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, uifute paneli asubuhi kabla haijapata joto. Stilwuli isiguse kioo. Na usipande mabati yakiwa yamelowa, tafadhali, mdogo wangu. Chaji ya siku moja haifai mguu wako.

Nyaya nazipitia haraka: waya mwembamba wa spika kutoka paa la ghorofa ya nne hadi chumba cha chini unakula umeme njiani. Mfumo wa volti 12 hauwezi safari ndefu kwenye waya mwembamba. Weka waya mnene, fupisha njia, kaza viungo. Basi.

Wale wa vifaa vya lipa mdogo mdogo, vya M-KOPA, Sun King au d.light, msidhani nimewasahau. Paneli zenu ni ndogo na nyepesi, na wengi mmeziweka ndani ya dirisha, nyuma ya kioo na pazia, kwa hofu ya wizi. Kioo kile kinakula sehemu ya mwanga, na dirisha lenyewe linaona kipande tu cha mbingu. Zitoeni nje, juu, hata kama ni kwa zile saa chache ambazo kuna mtu nyumbani wa kuzichunga. Na taa ikizima usiku, angalieni kwanza kama ni siku mlizolipia zimeisha au ni betri haikupata mwanga wa kutosha, kabla ya kukimbilia simu kutuma pesa nyingine.

Sasa betri. Hapa ndipo machozi yalipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Betri ya asidi, ile nzito yenye risasi ndani, haipendi kukaa nusu nusu. Ikibaki bila kujaa kwa wiki nyingi, chumvi ngumu hujijenga juu ya mabamba yake, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyogoma kutoka. Ndiyo maana betri nyingi za Eastlands hufa Septemba. Zimeuawa Juni na Julai, polepole, mwenyewe akitazama tivi. Kisha Septemba jua linarudi, paneli inafanya kazi vizuri, na betri haishiki tena chaji. Unalia kwamba umerogwa. Hukurogwa.

Nenda ukanunue mita ndogo ya kupimia volti, haina bei ya kutisha. Alfajiri kabla mwanga haujaingia, taa zote zikiwa zimezimwa kwa muda, pima betri. Ukiona 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2 ni nusu. Ukiona 12.0 au chini yake, siku hiyo nyumba inakaa na taa moja na simu moja, na asikudanganye mtu yeyote kwa kulia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Usingoje mpaka kontrola ikate yenyewe. Kontrola nyingi za bei rahisi hukata zikiwa zimeshachelewa.

Na kwa sababu Julai haitaijaza betri hiyo vizuri, isaidie. Wengi wenu mna stima nyumbani hata kama ni ya tokeni za kupimiana, na sola ni ya kuokoa pesa na ya siku za kukatika. Basi mara moja kila wiki mbili za msimu wa baridi, ichaji kwa chaja ya betri ya stima mpaka ijae kabisa. Usione ni kushindwa. Wazazi wetu mashambani walipakia betri ya gari nyuma ya baiskeli wakaipeleka sokoni kuchajishwa ili watazame mpira kwenye tivi ya rangi mbili. Walijua betri inahitaji kushiba. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, ongeza maji ya betri yanayouzwa, si ya mfereji. Na kama uliuziwa betri ya gari ukaambiwa ni ya sola, hiyo iliumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuumbwa kuwasha taa usiku kucha. Itumie kwa huruma, ikifa usinunue nyingine ya aina hiyo.

Ukiweza siku moja kuhamia betri ya lithiamu, ya aina ile ya chuma na fosfati, utapumua. Hiyo haidhuriki kwa kukaa nusu, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya kilichomo. Bei yake ya kwanza inauma. Ukihesabu betri za asidi ulizozika tangu uolewe, haiumi sana hivyo.

Sasa niambie ukweli. Hiyo inveta huwa unaizima? Nyamaza, nimeshajua jibu. Iko pale kwenye kona chini ya meza ya tivi, kataa kijani kanawaka, feni ndogo inavuma hata usiku wa manane wakati hakuna kilichochomekwa. Inveta nyingi za bei nafuu hula wati 10 hivi kwa kukaa tu zimewashwa. Wati 10 mara saa 24 ni wati-saa 240. Sasa linganisha. Paneli yako ya wati 100, Julai, jua la saa 4, ni 400. Ondoa karibu theluthi moja inayopotea kwenye nyaya, kontrola na betri yenyewe, unabaki na 280. Umefanya kazi siku nzima kulisha inveta! Taa nne za wati 5 kwa saa 4 ni 80 tu. Tivi ndogo ya moja kwa moja ya volti 12, wati 20, kwa saa 3 ni 60. Simu tatu, 45. Jumla 185, na unabaki na akiba. Taa na simu zako zote zitumie volti 12 moja kwa moja, inveta iwashwe kwa shughuli maalumu, ikiisha izimwe kwa swichi. Na wufa la kijana wako, lile linalotikisa ukuta, lisubiri Januari. Pasi na birika la umeme usivitaje hapa.

Lakini ona pia kwamba siku ya giza kabisa paneli hiyo inaweza isikupe hata 100. Siku tatu za namna hiyo zikifuatana, 185 zako zinatoka kwenye betri na haziingii. Ndiyo maana nasema tazama mbingu na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla hujaamua jioni itakuwaje. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya betri kufa ni nyumba isiyobadilisha matumizi mawingu yakija. Waambie watoto mapema, saa kumi na moja jioni, kwamba leo tivi ni ya habari tu. Mtoto akiambiwa mapema hununa kidogo. Akizimiwa katikati ya katuni anahisi amenyang'anywa, na nyumba nzima inalala na kinyongo.

Fikiria pia alfajiri. Nyinyi mnaofungua bale za mitumba saa kumi na moja ili mchague kamera, zile nguo za daraja la kwanza, kabla wateja hawajafika, mnahitaji mwanga wakati betri iko chini kuliko saa nyingine yoyote. Wekeni kando taa moja ya kuchaji yenyewe, ijazwe saa nane mchana, isiguswe usiku. Mtu anayepanga nguo gizani anauza sweta lenye tundu kwa mteja wake wa kila siku, na mteja huyo harudi.

Jambo lingine nalisema kwa moyo mzito. Hatujasahau Gikomba ule moto wa alfajiri ya Juni 28, 2018, uliochukua watu 15. Sisemi ulianzia kwenye sola. Nasema tunaishi mahali ambapo moto ukianza haumngojei mtu, na betri ya volti 12 ambayo mnaidharau kwa sababu haipigi shoti, ikigusanishwa nyaya zake inaweza kuwasha godoro. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri isikae chini ya kitanda, wala kando ya jiko. Ya asidi ikichaji hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo ikae mahali penye hewa, na watoto wasiifikie. Na lile jiko la makaa mnaloingiza ndani taa zikizima ili mpate joto, mkafunga madirisha na kulala, litoeni. Litoeni kabla ya kulala, kila usiku, hata kama mnatetemeka. Kuna nyumba hazikufunguliwa mlango asubuhi kwa sababu ya jiko, na hakuna chaji wala joto linalostahili hilo.

Betri ikikufia, nakuomba usimuuzie mtu yeyote tu anayepita na mkokoteni akinunua vyuma, na usiruhusu mtu aipasue uani pale watoto wanapocheza. Risasi iliyomo ni sumu. Kule Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika damu za watu na watoto wao. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alipigana mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikazunguka kwenye rufaa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikarudisha haki hiyo. Miaka yote hiyo, kwa ajili ya betri ambazo wenyewe walizitupa bila kuwaza zinakwenda wapi. Irudishe dukani ulikonunua, maduka mengi hupunguza bei ya mpya ukileta ya zamani.

Basi tumefika kwenye pesa za chama. Unaniuliza ununue betri ya pili au paneli ya pili. Kila mtu dukani atakwambia betri, kwa sababu ndiyo inayozima usiku, na wewe umeamini kwamba anayezima ndiye mwenye kosa. Mdogo wangu, nunua paneli. Mfereji ukitoa maji matone matone, mtungi wa pili hauongezi maji, unakupa mitungi miwili isiyojaa. Betri mbili za asidi zikigawana chaji ndogo ya Julai zitakufa zote mbili.

Kabla hujalipa, pima ukubwa wa hiyo paneli kwa mikono yako. Paneli nzuri hugeuza asilimia 15 hadi 20 au zaidi kidogo ya mwanga, kwa hiyo mita moja ya mraba ni wati 150 au 200 na kitu. Ukionyeshwa ya wati 300 inayoingia kwapani, toka dukani. Paneli mbili za wati 100 zikiungwa sambamba hutoa ampea 11 hivi, kwa hiyo kontrola yako ya ampea 10 haitoshi, tafuta ya 20, na ukimudu ile ya MPPT ni bora zaidi siku za mwanga dhaifu. Ukienda Luthuli Avenue nenda na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, umwombe akuonyeshe leseni yenyewe, asikasirike. Betri utaongeza mwaka mwingine, siku utakayoona hata Julai kontrola inasema imejaa saa nane mchana na jua bado linatoka.